Safari ya Ladakh kutoka Dodoma: maswali mnayoniuliza mara kwa mara

Tangu turudi Ladakh, mimi, wifi yangu na mume wake, simu yangu haijapumzika. Wanauliza walimu wenzangu, majirani wa Kisasa, hata wanakwaya. Mimi ni mwalimu wa jiografia, na kueleza nimezoea, lakini kumweleza kila mtu peke yake nimeshindwa. Nimeyakusanya maswali yenu hapa na kuyajibu kadiri ninavyoyajua.

Ladakh ni wapi hasa?

Ni kaskazini kabisa mwa India, nyuma ya safu ya Himalaya. Mashariki inapakana na China, magharibi inaelekea upande wa Pakistan. Zamani ilihesabiwa pamoja na Jammu na Kashmir. Tangu tarehe 31 Oktoba 2019 inasimamiwa moja kwa moja na serikali kuu ya India. Mji ambao wageni wengi hufikia unaitwa Leh.

Mtu wa Dodoma akifika kule hajioni mgeni sana, na hilo lilinishangaza. Ni nchi kavu. Leh hupata mvua kama milimita 100 tu kwa mwaka, wakati sisi tunaolalamikia ukame tunapata zaidi ya mara tano ya hizo. Mashamba yao ya shayiri na miti yao ya aprikoti hunyweshwa kwa mifereji inayoteremsha maji ya theluji kutoka milimani. Nyumba za asili zina paa bapa, zimetandazwa fito juu ya boriti na kusiribwa udongo. Wifi yangu amekulia Mvumi. Alisimama mbele ya nyumba moja kijijini, akaitazama kimya, kisha akasema, "Dada, hii si tembe ya bibi?" Ilikuwa kama tembe kweli, ila ina ghorofa na kuni zimepangwa juu ya paa.

Ni juu kiasi gani?

Dodoma mjini tuko kama mita 1,100 kutoka usawa wa bahari. Leh iko kwenye mita 3,500. Wale mnaopita Katesh mnaujua Mlima Hanang: kilele chake ni mita 3,420. Maana yake katikati ya mji wa Leh, pamoja na soko lake, pako juu kuliko kilele cha Hanang. Waliopanda Kilimanjaro kwa njia ya Marangu wafikirie kambi ya Horombo, mita 3,720. Tofauti ni kwamba Horombo unaifikia kwa miguu siku ya pili, ilhali Leh unaifikia kwa ndege, kwa saa moja na kitu kutoka Delhi. Mwili haupati nafasi ya kuzoea.

Barabara zinapanda zaidi. Khardung La, njia ya kuvuka mlima kwenda bonde la Nubra, iko mita 5,359. Ziwa Pangong liko zaidi ya mita 4,200.

Pasipoti na viza vinakuwaje?

Pasipoti iwe na angalau miezi sita mbele na kurasa tupu. Kama huna, anza na namba ya NIDA na cheti cha kuzaliwa, kisha ujaze maombi kwenye tovuti ya Uhamiaji. Sisi wa Dodoma tuna bahati, makao makuu ya Uhamiaji yako hapahapa.

Viza ya India Mtanzania anaweza kuiomba kwa mtandao. Hakikisha uko kwenye tovuti ya serikali ya India yenyewe, kwa sababu zipo nyingine zinazofanana nayo sana na zinatoza mara kadhaa. Picha iwe na mandhari meupe, na jina liandikwe kama lilivyo kwenye pasipoti, herufi kwa herufi. Mwenye asili ya Pakistani, hata kama ni kwa wazazi au babu, haombi kwa mtandao. Anapitia Ubalozi wa India Dar es Salaam, na aanze mapema zaidi.

Nikishapata viza, kibali cha nini tena?

Hapa ndipo watu wengi wanapochanganyikiwa, na sisi pia tulichanganywa. Wakala mmoja tuliyezungumza naye kabla ya safari alituhakikishia kwamba viza inatosha kila mahali. Haitoshi. Viza ya mtandao inakuingiza India. Haikupi ruhusa ya kuingia maeneo yanayolindwa ya mpakani.

Sababu ni historia. India na China zilipigana mwaka 1962, na hadi leo mpaka haujakubaliwa. Kuna mstari tu ambao kila upande unausoma kivyake. Ladakh ilifunguliwa kwa wageni mwaka 1974 tu. Juni 2020 wanajeshi wa nchi hizo mbili walipambana tena kwenye bonde la Galwan na watu wakafa. Ziwa Pangong lenyewe limekatwa na mstari huo, sehemu kubwa iko upande wa China. Kwa hiyo askari anayekagua karatasi zako barabarani hakusumbui, yuko kazini.

Kwa kifupi mambo yako hivi. Leh mjini, na monasteri maarufu za Hemis, Thiksey, Alchi na Lamayuru, huhitaji kibali. Nubra, Pangong na ziwa Tso Moriri unahitaji. Kibali cha mgeni hakiombwi na mgeni mwenyewe: kinaombwa na wakala aliyesajiliwa Leh. Unampa nakala ya pasipoti, nakala ya viza na orodha ya sehemu unazotaka kwenda. Mara nyingi kinatoka siku hiyohiyo au kesho yake, kwa hiyo huna haja ya kukihangaikia ukiwa Dodoma. Ada yake ni sehemu ndogo sana ya gharama za safari. Zinazokula fedha ni tiketi za ndege na gari la kukodi.

Zingatia mambo matatu. La kwanza, kibali kinataja maeneo. Sehemu isiyoandikwa huendi, hata kama iko kilomita kumi mbele na dereva anaijua, kwa hiyo taja kila unachokitaka tangu mwanzo. La pili, kina tarehe ya mwisho, basi kiombwe tarehe zikiacha nafasi ya barabara kufungwa siku moja. La tatu, toa fotokopi nyingi. Vituo vya ukaguzi, kama South Pullu na North Pullu pande mbili za Khardung La, huweza kubaki na nakala. Sisi tulitoa nane, tukarudi na mbili.

Na zipo barabara karibu kabisa na mpaka ambazo raia wa India wanaruhusiwa, mgeni haruhusiwi. Ukiona video ya Mhindi akiwa mahali fulani, usidhani na wewe utapita.

Naweza kwenda peke yangu?

Leh, ndiyo. Lakini kibali cha maeneo yanayolindwa hutolewa kwa kikundi cha wageni wasiopungua wawili. Ukiwa peke yako, wakala hukutafutia wageni wengine mgawane gari na mwende pamoja, na gharama inapungua. Kwa dada anayesafiri peke yake ningeshauri aombe kukutana na hao wenzake siku moja kabla, wanywe chai, awasikie.

Kadi ya njano inahitajika?

Chukua. India ni wakali kwa homa ya manjano kuliko nchi nyingi, na wengi wetu tunaunganisha ndege Nairobi au Addis Ababa, nchi ambazo ziko kwenye orodha yao. Asiye na cheti anaweza kuwekwa karantini. Chanjo huanza kuhesabika siku kumi baada ya kuchomwa, na cheti ni cha maisha. Yule wa "nitachoma uwanja wa ndege" ajue kwamba siku kumi hazitapatikana pale.

Njia ipi nzuri ya kufika?

Treni ya SGR hadi Dar, kisha ndege hadi Mumbai au Delhi. Air Tanzania huruka moja kwa moja Dar hadi Mumbai. Kutoka Delhi, ndege za Leh huondoka asubuhi, kwa sababu mchana upepo wa milimani ni mbaya kwa kutua. Kwa hiyo panga kulala Delhi usiku mmoja. Saa zao ziko mbele kwa saa mbili na nusu: Dodoma ikiwa saa sita mchana, kule ni saa nane na nusu. Begi la ndege za ndani ni dogo kuliko la kimataifa, mara nyingi kilo 15; soma tiketi.

Wanaoogopa kupanda ghafla wanaweza kwenda kwa barabara. Kutoka Manali unapita handaki la Atal, la kilomita 9 hivi, lililofunguliwa Oktoba 2020, kisha unavuka milima hadi Leh. Tatizo ni kwamba kituo cha kulala cha Sarchu kiko karibu mita 4,300, na kulala hapo usiku wa kwanza au wa pili ni mateso. Njia ya Srinagar inapanda kwa upole zaidi na unalala Kargil, mita 2,676. Lakini Kashmir ina mambo yake ya usalama, nitalirudia.

Mwinuko utaniathirije?

Hili ndilo swali ninalotaka mlisome mara mbili, hata kama mengine mtayaruka.

Hewa ya juu ina oksijeni ya kiwango kilekile, asilimia 21. Kinachopungua ni msukumo wa hewa, kwa hiyo kila pumzi unayovuta inabeba kidogo. Leh unapata kama theluthi mbili ya unachopata pwani. Khardung La ni karibu nusu. Mwili unajirekebisha, lakini kwa siku, si kwa saa. Na hauulizi kama wewe ni kijana au unakimbia kila asubuhi kuzunguka Jamhuri. Wenye nguvu nao huumia, kwa kuwa wanakimbilia kupanda.

Utaratibu ni huu. Siku mbili kamili za kwanza Leh, usifanye kitu. Kula, kunywa maji, lala, tembea taratibu hadi sokoni. Usioge maji ya moto kwa muda mrefu, usinywe pombe, usimeze vidonge vya usingizi. Ukishavuka mita 3,000, usipandishe mahali pa kulala kwa zaidi ya mita 500 kwa usiku mmoja, na kila baada ya siku tatu au nne weka siku ya kupumzika.

Shemeji, mume wa wifi, hakusikia. Siku ya pili asubuhi alijiona mzima, akapata nafasi kwenye gari la vijana waliokuwa wakienda Khardung La kupiga picha na kurudi. Alirudi saa tisa alasiri ameshikwa mkono, kichwa kinampasuka, ametapika njiani mara nne. Usiku ule wifi hakulala, alikaa akimhesabia pumzi. Hospitali walimpa oksijeni, akalazwa hadi kesho yake, na daktari akatuambia kwa upole kwamba kila wiki wanawapokea wa namna hiyo. Alipona. Lakini siku mbili alizokuwa akitaka kuziokoa aliziongeza zikawa nne.

Kuumwa kichwa, kichefuchefu, kukosa usingizi na hamu ya kula ni dalili za mwanzo. Ukiwa nazo usipande zaidi, kaa ulipo mpaka ziishe, zikizidi, shuka. Dalili za hatari ni mbili, na hazina kusubiri asubuhi. Mtu anayehema akiwa amekaa tu, anakohoa na kutoa povu, mapafu yake yanajaa maji. Mtu anayeyumba kama mlevi, anayechanganya maneno au asiyejua yuko wapi, ubongo wake unavimba. Mwambie atembee mstari mnyoofu, kisigino kikigusa vidole; akishindwa, ashushwe usiku uleule huku akipewa oksijeni.

Kuna dawa?

Ipo asetazolamaidi, ambayo waongozaji wa Kilimanjaro wanaiita Daimoksi. Dozi ya kinga ya kawaida ni miligramu 125 mara mbili kwa siku, kuanzia siku moja kabla ya kupanda. Inakojoza na inafanya vidole viwashe kama vinachomwachomwa. Ni jamii ya salfa: aliyewahi kupata vipele au malengelenge kwa SP au Septrin asiiguse kabla ya kumwona daktari. Na dawa hii inausaidia mwili kuzoea, haifuti zile siku mbili za kupumzika.

Nina selimundu kwenye familia. Niende?

Nimefurahi mtu mmoja kuliuliza hili, maana ushauri mwingi wa safari za milimani umeandikwa na watu ambao kwao ugonjwa huu ni nadra. Kwetu si nadra: Tanzania ni miongoni mwa nchi zinazoongoza duniani kwa watoto wanaozaliwa na selimundu.

Mwenye ugonjwa wenyewe asiende. Upungufu wa oksijeni ndio unaozikunja chembe za damu, na Leh ni mahali pabaya pa kupata shambulio. Swali gumu ni la wale wenye vinasaba vya upande mmoja tu, ambao wanaishi wazima na wengi wao hawajui. Wengi husafiri milimani salama, lakini wapo waliopata maumivu makali ya ubavu wa kushoto kwa sababu wengu umekosa damu. Pima kabla hujakata tiketi. Hapa Dodoma Hospitali ya Benjamin Mkapa wana huduma za selimundu, na swali lako watalielewa. Ukikutwa na vinasaba, zungumza na daktari, na ukienda ujue kwamba maumivu ya ubavu huo kule juu ni sababu ya kushuka mara moja.

Wajawazito, wenye matatizo ya moyo au mapafu na wenye presha isiyotulia nao waanzie kwa daktari.

Na malaria?

Leh hakuna malaria. Lakini wewe unatoka Tanzania, na vimelea vinaweza kusafiri na wewe. Ukipata homa kali na kutetemeka ndani ya wiki za kwanza, mwambie daktari wa kule kwamba unatoka nchi yenye malaria na uombe kipimo. Asipojua, atakutazama kama mgonjwa mwingine wa mwinuko.

Niende mwezi gani, na nguo zipi?

Juni hadi Septemba. Mimi ningechagua Septemba: anga imetakata, shayiri imeiva, watu wamepungua. Baridi yao ya Januari inashuka chini ya nyuzi 20 za hasi, tuwaachie wenyewe.

Hata kiangazi, usiku wa Pangong unakaribia kuganda. Koti letu la upepo wa Julai halitoshi peke yake. Vaa tabaka: fulana ya kubana, sweta la sufu, koti la manyoya ya bata, kofia, glavu, soksi nzito. Mchana jua linachoma vibaya, na weusi wetu hautukingi kabisa; wifi alibabuka pua. Miwani ya jua ni lazima, theluji inaumiza macho.

Simu na fedha?

Laini ya malipo ya kabla utakayonunua Delhi haitashika Ladakh. Nunua laini ya Leh ukifika, au tegemea intaneti ya hoteli. Nubra mtandao unakuja na kuondoka, Pangong hesabu kwamba haupo. Waage wa nyumbani kabisa, wasije wakaamka na hofu. Simu ya setilaiti, na vile vifaa vya kutuma ujumbe kwa setilaiti, usiingie navyo India bila ruhusa maalumu, watu wamekamatwa. Droni iache Dodoma.

Beba dola safi zisizo na mikunjo, badilisha Delhi au soko kuu la Leh. Ukitoka nje ya Leh kuwa na rupia mkononi.

Wanakula nini?

Hapa ndipo tulipojiona nyumbani zaidi. Wana chakula kinaitwa paba, bonge zito la unga wa shayiri na njegere uliokaangwa, linasongwa kama ugali, linaliwa kwa mkono na maziwa mgando yenye majani ndani. Aliyekulia kwenye ugali wa uwele na mlenda hahitaji mafunzo. Kuna tambi za mchuzi ziitwazo thukpa, na momo, vidonge vya unga vyenye nyama au mboga, vilivyopikwa kwa mvuke. Chai yao ya siagi na chumvi, ichukulie kama supu na utaifurahia. Salamu yao ni "julley", nayo ndiyo karibu, asante na kwaheri.

Kuna mahali pa kusali?

Wengi wa Leh ni Wabudha, lakini msikiti mkuu, wa karne ya 17, uko sokoni kabisa. Na Wamoravian mlioniuliza: kanisa lenu lipo! Misheni ya Moravian ilianza Leh mwaka 1885. Nyimbo ziko kwa Kiladakhi, ila tuni kadhaa utazitambua.

Mlizunguka vipi?

Siku tatu Leh (tukaongeza mbili kwa ajili ya shemeji), kisha Nubra usiku mbili, kisha Pangong usiku mmoja, kisha Leh. Nubra kabla ya Pangong ni makusudi: unavuka Khardung La haraka lakini unalala Diskit au Hunder, ambako ni chini kuliko Leh. Hunder kuna matuta ya mchanga na ngamia wenye nundu mbili. Pangong ndiko kulala juu zaidi, na kupanda kwake kunazidi zile mita 500 za usiku mmoja, basi kuwe mwishoni, mwili ukishazoea.

Ni salama?

Watu ni wapole na usiku tulitembea bila wasiwasi. Hali ya kisiasa ndiyo ya kufuatilia. Aprili 2025 watalii waliuawa Pahalgam, Kashmir. Mwezi uliofuata, India na Pakistan ziliposhambuliana, uwanja wa Leh ulifungwa kwa siku kadhaa. Septemba 2025 palikuwa na maandamano Leh yenyewe, watu wanne wakafa na amri ya kutotoka nje ikatangazwa. Kwa hiyo soma habari wiki ya kuondoka, weka siku mbili za akiba kabla ya ndege ya kimataifa, na bima ya safari isome pale inapotaja urefu wa mwisho kwa mita. Nyingi zinaishia chini ya Khardung La.

Ni kitu gani mlikisahau?

Mafuta ya midomo. Siku ya tatu hatukuweza kucheka bila midomo kuchanika, na wifi alizunguka soko zima la Leh akiyatafuta kwa ishara za mikono, hadi mama mmoja wa duka la viungo alipompa kopo lake mwenyewe.